Kufungua nyumba ya pari: karatasi za kutafuta kabla ya kutoa dola yako

Jumamosi, mbele ya saa kumi alasiri, pita Butembo, Bunia, Uvira ao Kalemie, utaona kitu kimoja. Vijana wamejipanga mbele ya chumba kidogo chenye rangi kali, telefone mkononi, karatasi ya mechi mkononi. Ndani kuna meza, kompyuta, mashine ya kutoa tiketi na televisheni. Mpira wa Uingereza unakaribia kuanza, na kila mmoja anataka kuweka pari yake kabla ya filimbi.

Anayepita pale na kuona foleni hiyo hufikiri: huyu mwenye chumba anapata pesa. Na wengi wanaishia kuuza moto yao, ng'ombe ya familia ao kipande cha shamba ili nao wafungue chumba kama kile. Miezi michache baadaye wakaguzi wanafika, wanaomba karatasi, na mwenye chumba anaonyesha risiti moja ya komine. Mlango unafungwa. Mashine inachukuliwa. Deni la ndugu linabaki.

Makala hii inaeleza ni karatasi gani zinatakiwa, nani anazitoa, na kwa utaratibu gani. Inaeleza pia hesabu ya kazi yenyewe, kwa sababu mtu anaweza kuwa na karatasi zote na bado akafilisika.

Milango miwili tofauti

Kosa la kwanza la wengi ni kuchanganya kazi mbili ambazo sheria haizichukui kuwa kitu kimoja.

Kazi ya kwanza ni ile ya kampuni ya pari yenyewe. Ndiyo inayopanga mechi na namba za malipo, zile wachezaji wanaziita cote. Ndiyo inayopokea hatari: mtu akishinda milioni tano, kampuni ndiyo inalipa. Ndiyo pia inayotakiwa kuwa na ruhusa ya kuendesha michezo ya bahati.

Kazi ya pili ni ile ya wakala. Huyu ana chumba tu, anauza tiketi za kampuni fulani na anapata asilimia juu ya anachouza. Hapangi cote, na tiketi kubwa zinalipwa na kampuni. Ruhusa anayofanya nayo kazi ni ya kampuni ile, si yake. Yeye anahitaji mkataba na kampuni, pamoja na karatasi za kawaida za mfanyabiashara wa mahali pake.

Vyumba vingi unavyoona mitaani ni vya mawakala. Kwa hiyo mtu akikuambia «mimi nina nyumba ya pari», swali la kwanza ni hili: wewe ni kampuni ao wewe ni wakala? Gharama, karatasi na hatari zinategemea jibu hilo.

Kampuni kwanza, ruhusa baadaye

Tuanze na mlango mgumu, ule wa kampuni. Huwezi kuomba ruhusa ya pari kwa jina la utani ao jina la mtaa. Lazima kwanza uwepo mbele ya sheria.

Kongo iliingia katika OHADA tarehe 12 Septemba 2012. Tangu hapo, sheria za makampuni ni zilezile zinazofuatwa katika nchi nyingine wanachama, kama Kameruni ao Senegal. Wengi wanachagua SARL, kwa sababu hata mtu mmoja peke yake anaweza kuifungua na mtaji wake unaandikwa katika statuti. Mwenye kutaka SA anaingia katika kiwango kingine: OHADA inadai mtaji wa chini wa milioni 10 za franka CFA, ao thamani yake kwa pesa ya nchi.

Mahali pa kupeleka faili ni Guichet Unique de Création d'Entreprise, GUCE, ambayo serikali iliianzisha mwaka 2012 ili mtu asizunguke biro kumi. Pale unapeleka statuti, kitambulisho cha wenye kampuni na cha gérant, anwani ya makao, na hati ya mahakama inayoonyesha kwamba gérant hana hukumu, ile tunayoita casier judiciaire. Unatoka na namba tatu za kushika vizuri:

– RCCM, yaani namba ya registre ya biashara. Ndiyo cheti cha kuzaliwa cha kampuni.

– Id. Nat., namba ya kitambulisho cha kitaifa cha mfanyabiashara.

– Namba ya kodi, inayotolewa na DGI.

Ukianza kuajiri watu, hata msichana mmoja wa kukata tiketi, unaongeza CNSS kwa ajili ya pensheni, INPP na ONEM.

Hapa ndipo wengi wanadanganyika. Wanapata RCCM, wanaiweka katika fremu ukutani, na wanaamini kazi imekwisha. RCCM inasema tu kwamba kampuni ipo. Haisemi kwamba inaruhusiwa kupokea pari. Ni kama mtu mwenye kitambulisho ambaye hana permi: anajulikana, lakini haruhusiwi kuendesha gari.

Ruhusa yenyewe: ni jambo la Kinshasa

Michezo ya bahati, iwe loto, kasino ao pari ya mpira, ni jambo la serikali kuu, chini ya Wizara ya Fedha. Leta yenyewe ina kampuni yake ya loto, SONAL, ambayo wazee wetu waliijua tangu wakati wa Zaire. Mtu binafsi anayetaka kuendesha michezo ya namna hiyo anaomba ruhusa, analipa haki ya leta, na anaendelea kulipa kadiri kazi inavyoendelea.

Malipo ya serikali kuu yameorodheshwa katika Ordonnance-loi namba 18/003 ya tarehe 13 Machi 2018. Siku hiyohiyo ilitoka nyingine, namba 18/004, inayoorodhesha kodi za majimbo na za miji, komine na sheferi. Hizi mbili ni silaha ya raia. Mtu akija kukuomba malipo, una haki ya kumuuliza: hii iko katika orodha gani? Kama haiko katika orodha yoyote, hiyo si kodi.

Viwango vyenyewe vinawekwa kwa arrêté ya mawaziri na vinaweza kubadilika. Kwa hiyo usiamini bei ambayo rafiki amekutajia kwa WhatsApp. Bei ya kweli ni ile iliyoandikwa kwenye karatasi inayoitwa note de perception.

Utaratibu ni huu. Wizara inayohusika inaona kwamba unadaiwa na inapiga hesabu. DGRAD inatoa note de perception yenye jina lako, sababu ya malipo na kiasi. Wewe unakwenda kulipa benki, katika akaunti ya leta, na benki inakupa uthibitisho. Hakuna mahali katika safari hiyo ambapo afisa anapokea pesa mkononi. Akikwambia «nipe mimi, nitakupelekea», simamisha mazungumzo. Na kama atakuletea karatasi yenye muhuri wa uongo, jua kwamba kugushi hati kunaadhibiwa na kifungu cha 124 cha kodi ya jinai, na kuitumia huku ukijua ni ya uongo kunakuweka matatani na wewe pia.

Kuhusu faili ya ruhusa, yeyote anayeitazama kwa uzito atataka kujua mambo manne. Wenye kampuni ni nani hasa? Pesa ya kuanza imetoka wapi? Siku washindi wakiwa wengi, watalipwa na nini? Na programu inayohesabu pari ni ya nani, inaweza kukaguliwa? Anayejiandaa kwa maswali hayo manne ana faili. Anayeshindwa swali la tatu hana kampuni ya pari. Ana mtego wa kula pesa za watu.

Goma na Bukavu: swali la risiti

Kwa wasomaji wa Goma na Bukavu kuna tatizo juu ya tatizo. Tangu Januari na Februari 2025 miji hiyo miwili iko mikononi mwa AFC/M23. Mabenki yalifunga milango, na huduma za fedha za Kinshasa hazikuendelea kama zamani. Njia tuliyoeleza hapo juu, note de perception kisha benki, ilikatika.

Mwenye chumba cha pari anabaki katikati. Anayetawala mahali anadai kodi, na hakuna anayeweza kumkatalia. Lakini ruhusa ya kampuni, kama ipo, ilitoka Kinshasa. Shauri la busara ni kutunza kila karatasi, ya kabla na ya baada, pamoja na picha yake katika telefone na nakala kwa ndugu aliye mji mwingine. Siku mambo yatakapobadilika, mwenye karatasi atakuwa na la kusema.

Wakala anatakiwa nini?

Turudi kwa kijana wa mtaani ambaye hana mtaji wa kampuni. Kwake njia ni fupi zaidi, lakini si bure.

Kwanza, mkataba wa maandishi na kampuni. Katika mkataba uangalie mistari mitano: asilimia yako ni ngapi, inahesabiwa juu ya tiketi zilizouzwa ao juu ya faida baada ya washindi kulipwa, garanti uliyotoa itarudishwa lini, mashine ni ya nani ikiibiwa ao ikiungua, na nani anamlipa mshindi kama sanduku lako halina pesa za kutosha. Mstari wa pili ndio unaoumiza wengi. Asilimia 30 ya faida inaweza kuwa sifuri, ao hata deni, mwezi ambao timu kubwa zote zimeshinda.

Pili, omba nakala ya ruhusa ya kampuni. Kampuni ya kweli haioni haya kuitoa. Soma jina: ni lilelile lililo kwenye mkataba? Soma tarehe: bado inatembea? Kama wanakujibu «ruhusa iko Kinshasa, utaiona baadaye», garanti yako nayo ibaki mfukoni mwako mpaka hiyo baadaye.

Tatu, karatasi zako mwenyewe. Mfanyabiashara mdogo asiye na RCCM anachukua patente kwa leta ya mahali. OHADA imeweka pia hadhi ya «entreprenant», mtu mwenye kazi ndogo ambaye anajitangaza tu bila kujiandikisha kama mfanyabiashara mkubwa. Kazi ikikua, unapanda kwenye RCCM. Kodi ya kibao cha matangazo, usafi na nyinginezo zinategemea jimbo na komine; kwa kila moja omba risiti.

Nne, jirani. Chumba kilicho mbele ya shule ao kanisa kitakuletea mashitaka hata kama karatasi zako ni safi.

Watoto na pesa chafu

Kuna wajibu mbili ambazo mawakala wengi wanazichukua kwa mchezo.

Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inamhesabu kuwa mtoto kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Mtoto hawezi kufunga mkataba, na tiketi ya pari ni mkataba. Kijana aliyevaa unifomu ya shule akikuletea 500 FC ya karo, usiipokee. Ukiwa na shaka, omba kadi ya uchaguzi ao kitambulisho kingine. Siku mzazi atakapokuja na polisi, «sikujua umri wake» halitakuwa jibu.

Wajibu wa pili unahusu pesa chafu. Sheria namba 22/068 ya tarehe 27 Desemba 2022 inapigana na usafishaji wa pesa haramu na ufadhili wa ugaidi, na biashara ya michezo ya bahati ni mojawapo ya zile zinazoangaliwa kwa jicho kali. Ilikuja wakati mgumu: Oktoba 2022 GAFI, shirika la kimataifa linalofuatilia mambo hayo, lilikuwa limeiweka Kongo katika orodha yake ya kijivu. Katika mashariki yetu, penye dhahabu, koltani na vikundi vya silaha, si vigumu kuelewa sababu. Mtu akileta dola elfu mbili, akaweka pari ndogo ya kujificha, kisha akaomba arudishiwe zilizobaki kwa M-Pesa ao Airtel Money ya mtu mwingine, huyo hakuja kwa ajili ya mpira. Kampuni inatakiwa kujua mteja wake, kutunza kumbukumbu, na kutoa taarifa kwa CENAREF.

Hesabu ambayo watu hawakuelezi

Sasa tuseme karatasi zote zipo. Je, kazi inalipa?

Chukua mechi ya mfano: TP Mazembe na Lupopo. Kampuni inaandika 1,85 kwa ushindi wa Mazembe, 3,40 kwa sare, na 4,00 kwa ushindi wa Lupopo. Gawanya 1 kwa kila namba: unapata asilimia 54,1, kisha 29,4, kisha 25. Jumla ni 108,5, si 100. Ile 8,5 ya juu ndiyo mkate wa kampuni. Kama pari zimegawanyika vizuri, katika kila 100 FC inabaki na karibu 7,8.

Mchezaji akiunganisha mechi nne zenye namba za aina hiyo katika tiketi moja, sehemu ya kampuni inapanda hadi karibu 28 kwa kila 100. Ndiyo sababu matangazo yanakusukuma kuunganisha mechi nyingi. Mwenye kucheza ajue hilo, na mwenye kufungua chumba ajue pia, kwa sababu wateja wake ni majirani zake.

Lakini faida hiyo ni ya kampuni. Wakala tumpigie hesabu ya mfano. Tuseme anauza tiketi za 100.000 FC kwa siku na anapata asilimia 5. Ni 5.000 FC kwa siku, 150.000 FC kwa siku 30. Akitoa 80.000 ya nyumba na 60.000 ya mega za intaneti, umeme na mafuta ya kadafi kwa jenereta, anabaki na 10.000 FC kwa mwezi mzima. Hapo hajalipa patente, hajalipa mlinzi, hajala. Akiuza mara tatu, 300.000 kwa siku, anabaki na 310.000 FC, kabla ya kumlipa mfanyakazi. Kwa hiyo, kabla ya kuuza ng'ombe, kaa wiki mbili karibu na chumba kilichopo na uhesabu tiketi. Uhesabu siku za kazi, si Jumamosi peke yake.

Na msimu nao una mwisho. Ligi kubwa za Ulaya zinapumzika Juni na Julai. Nyumba haipumziki kulipwa.

Jirani zetu wamefunga kamba

Anayefikiri sheria za leo zitabaki hivi aangalie ng'ambo ya mpaka.

Uganda ina sheria ya mwaka 2016 inayokataza mtu aliye chini ya miaka 25 kucheza, umri mkubwa kuliko kwetu na kuliko majirani wengi. Januari 2019 serikali ya Rais Museveni ilitangaza kwamba haitatoa tena ruhusa mpya wala kuendeleza za zamani kwa makampuni ya pari. Sababu iliyotolewa ni vijana kupoteza wakati na pesa. Mwaka 2023 kodi ya michezo ya bahati ilipandishwa kutoka asilimia 20 hadi 30.

Rwanda, yenye sheria yake tangu 2011, ilipandisha mwaka 2025 kodi juu ya mapato ya makampuni kutoka asilimia 13 hadi 40.

Kenya ndiyo somo kubwa zaidi. Julai 2019 serikali ilikataa kuendeleza ruhusa za makampuni 27 kwa sababu ya mvutano wa kodi. SportPesa, iliyokuwa jina kubwa kuliko yote na iliyovalisha hata timu za Uingereza, ilisimamisha kazi nchini mwake mwaka huohuo na wafanyakazi wakarudi nyumbani. Kama kampuni ya ukubwa ule ilizimwa kwa karatasi moja, wakala wa kartie atasimama na nini?

Kabla ya kutoa garanti

Anayetaka kuingia katika kazi hii, awe kijana wa Beni ao mama mwenye butiki Uvira, ajiulize maswali haya na aandike majibu:

Kampuni hii ina ruhusa inayoonekana, yenye jina na tarehe? Mkataba wangu unasema asilimia ya nini? Garanti yangu itarudi lini, na nani atashitakiwa isiporudi? Nina patente, na risiti za kila malipo? Nimehesabu tiketi za mtaa wangu kwa wiki mbili? Nikifungwa mwezi mmoja, familia itakula nini?

Kama majibu yote yapo, anaweza kwenda mbele, na mkaguzi akibisha mlango atamkuta ameketi bila hofu. Kama jibu moja linakosekana, pesa ibaki kwanza nyumbani. Na kama tayari umekwisha kutapeliwa garanti, usinyamaze kwa haya: utapeli ni kosa chini ya kifungu cha 98 cha kodi ya jinai, na parke inapokea mashitaka ya mtu mdogo pia. Beba mkataba, ujumbe wa telefone na uthibitisho wa malipo. Bila karatasi hizo, hata hakimu mwenye moyo mzuri hatakuwa na la kushika.